Miti Mizuri ya Kapesi

Siku Tadala alipozikanyaga nyanya za Limbikani, alikuwa anarudi kinyumenyume katikati ya soko la Lizulu, simu kaielekeza juu, hana habari kabisa na dunia iliyokuwa nyuma yake. Basi la kwenda Blantyre lilikuwa limesimama kando ya lami, abiria wameshuka kununua viazi, wauza karoti wanagombania madirisha. Yeye, katika gauni lake la njano lenye vifungo mbele na raba nyeupe, alikuwa anahangaika kuuingiza mkuyu mzima kwenye picha. Akarudi hatua nyingine moja, kisigino kikazama kwenye kitu laini.

"Endelea tu, dada," sauti ya kiume ikasema. "Zimebaki mbili hujazifikia."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati la kazi la samawati, bisibisi imechomoza mfukoni, kachuchumaa mbele ya mfuko wake wa nyanya uliokwisha kuwa mchuzi. Tadala akaomba radhi, akanunua nyanya nyingine, akaomba radhi tena. Wakaulizana kazi, kama watu wanavyofanya wakiwa hawataki mazungumzo yaishe. Kijana alikuwa fundi wa majokofu ya kuhifadhia chanjo, anatoka Dedza. Tadala alikuwa mpima macho, anazunguka na wenzake hospitali za wilaya.

"Unapima macho ya watu," Limbikani akamwambia, "na wewe mwenyewe unatembea hivyo?"

"Macho yangu yalikuwa kazini."

"Kwenye mti?"

"Kwenye mti. Nyanya zako hazikuwa nzuri kiasi hicho."

Limbikani akacheka mpaka akasahau hasara. Basi lilipopiga honi, alimwomba mzee mmoja wabadilishane viti, akaja kukaa kando ya gauni la njano. Tadala, ambaye hakuwa mtu wa kuzoeana na watu safarini, akajikuta anamfungulia simu yake na kumwonyesha miti.

Hapa lazima niseme jambo. Tadala alizaliwa Chilomoni, mjini Blantyre, na wazazi wake wote ni wa mjini. Alipoanza kusafiri kikazi, aliona jinsi milima ilivyonyolewa kwa ajili ya mkaa. Lakini hapa na pale, katikati ya mashamba makavu ya mahindi, aliona kichaka cha miti mikubwa, myeusi kwa kivuli, vichwa vimegusana, ndege wamejaa. Akaipenda. Alikuwa anaipiga picha popote alipoiona, na akijiuliza ni nani huyo mwenye akili aliyeiacha.

Mtoto yeyote wa kijijini angemwambia. Huku kwetu mlima utachomwa mkaa na mwembe wa uani utakatwa, lakini makaburini hakuna anayepeleka shoka. Miti mikubwa iliyobaki ni ile ambayo watu wetu wamelala chini yake. Hatuinyooshei kidole, seuze kuipiga picha.

Limbikani alijua tangu picha ya kwanza. Alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumwaibisha, ndipo ikaja picha ya mikangazi iliyosimama juu ya kilima kidogo, mmoja umeinamia wenzake. Ile ilikuwa miti ya Kapesi, kijijini kwao, na chini ya ule ulioinama walimzika mama yake mwaka uliopita.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," Tadala akasema. "Nilimwomba dereva asimame, akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikaipiga hivyo hivyo dirishani."

Limbikani akaichukua simu, akaiangalia picha ile muda mrefu.

"Umeipenda?" Tadala akauliza.

"Nimeipenda sana," akajibu, na hakudanganya. Lakini hakuongeza neno, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Mimi nasema wazi lilikuwa kosa lake.

Wakapendana, bwana. Wakawa wanakutana Limbe Jumamosi kula chipsi zenye kachumbari ya kabichi, wakitembea mpaka miguu iume, na simu zikawa hazikatiki. Akiwa safarini Limbikani alimpigia kumwelezea mti aliouona, kama wengine wanavyopeleka salamu. "Daktari wangu wa macho, hapa Balaka kuna mmoja umechanua mwekundu wote, ungekuwepo ungekanyaga watu." Tadala akamwita fundi wangu, akamwambia auache mti, aseme yeye amekula nini. Sebuleni kwake picha za miti zikajaa ukuta mzima, na nusu yake yalikuwa makaburi ya watu. Rafiki yake wa kazini alipoolewa, alimpelekea moja kubwa, imewekwa kioo. Mama wa bibi harusi, aliyetoka kijijini, alipoiona alitokwa na machozi, na ukumbi mzima ukadhani ni furaha. Limbikani alipaliwa na soda, akakohoa sana, akanyamaza tena.

Ikafika siku ya Tadala kupelekwa Kapesi. Kwetu mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Yeye asipokubali hakuna uchumba, na akikubali, pande mbili zinakutana mbele ya wazee, wa kiume wanaleta jogoo, wa kike wanaleta mtetea, wanakabidhiana, imekwisha. Mjomba wa Limbikani aliitwa Biswick, mzee mwembamba wa maneno machache, na tangu dada yake afariki alikuwa na maneno machache zaidi. Tadala alijiandaa wiki nzima. Alishona sketi ndefu ya bluu, akafunga kitenge kipya juu yake, akajifunza kupiga magoti bila kuyumba. Zawadi aliifunga kwa karatasi ya maua, akamkataza Limbikani kuichungulia.

Basi la siku hiyo lilipitia njia ya nyuma ya kijiji, kwa hiyo kilima hakikuonekana. Walipokelewa vizuri. Tadala akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu ya salamu, akapewa togwa, akanywa yote. Kisha akaitoa zawadi kwa mikono miwili.

Mjomba Biswick akaifungua pale pale. Akaitazama. Akampa mkewe, naye akaitazama mara moja tu, akailaza kifudifudi mkekani.

"Binti," mjomba akasema, "hii ni zawadi, au ni ujumbe?"

Tadala, tabasamu bado liko usoni, akasema ni zawadi. Akasema ndiyo miti mizuri kuliko yote aliyowahi kuiona, na kwamba angefurahi siku moja waende wote pale wakapumzike kivulini. Mke wa mjomba akaziba mdomo kwa kitenge. Tadala akamgeukia Limbikani, na Limbikani alikuwa anaangalia miguu yake.

Chakula kililetwa, kikaliwa haraka. Mjomba akawashukuru kwa kuja, akasema wataitwa. Huku kwetu neno hilo likisemwa na mtu asiyekutazama, maana yake usisubiri.

Njiani kuelekea lami Tadala ndipo aliposimama akauliza, na Limbikani ikabidi aseme. Alisema yote, kuanzia Lizulu.

"Kwa hiyo ulijua," Tadala akasema. "Siku zote. Ukutani kwangu ulijua. Kwenye harusi ya watu ulijua."

"Tadala, mpenzi…"

"Ulikuwa unanicheka na nani? Ulikuwa ukitoka kwangu unakwenda kumsimulia nani?"

"Sijamsimulia mtu."

"Umeniacha niingie nyumbani kwa mjomba wako nimebeba kaburi la mama yako mkononi. Nikamwambia tukapumzike huko. Na ulipotakiwa kufungua mdomo, ukaangalia viatu."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Limbikani, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Walirudi Blantyre katika basi moja, viti mbalimbali. Alipofika kwake Tadala akashusha picha zote ukutani, akazigeuza nyuso na kuziegemeza nyuma ya kabati. Aliona aibu ya kila dirisha la basi alilowahi kufungua.

Simu za Limbikani hazikupokewa. Jumbe zilisomwa, hazikujibiwa. Wafanyakazi wenzake Tadala wakaona safarini anakaa kiti cha ndani, analala au anajifanya amelala. Dereva alimwonyesha mjakaranda uliokuwa umemwaga maua barabara nzima, Tadala akasema ahsante bila kuinua kichwa. Alimkumbuka Limbikani mpaka chakula kikamshinda, na alijichukia kwa kumkumbuka.

Mchana mmoja, akiwa hospitali ya Zomba, foleni ya wazee wanaosubiri miwani imekwisha, simu ikaita, na mkono ukapokea kabla yeye hajaamua.

"Usikate," Limbikani akasema. "Nisikilize, halafu ukate."

"Sema."

"Tangu tumzike mama, nikipita pale nainamisha kichwa. Basi zima linainamisha kichwa, Tadala, sote tunaopajua. Mwaka mzima sijapaona. Siku ile ukanipa simu, ukasema hapa ndipo pazuri kuliko pote. Mama yangu yuko hapo, na mtu asiyemjua anasema ni pazuri. Niliogopa nikikwambia, na wewe utaanza kuinamisha kichwa. Sikukucheka. Nilikuwa nakuonea wivu."

Tadala alikuwa analia, hakutaka Limbikani ajue.

"Hayo ungeyasema siku ile mbele ya mjomba," akasema.

"Najua."

"Jumamosi nakwenda Kapesi kumwomba msamaha. Nakwenda mwenyewe. Ukiwa na mdomo, njoo nao."

Jumamosi Limbikani alikuwa kituoni kabla yake, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Hawakukumbatiana. Alimpokea mkoba tu, wakapanda.

Mjomba Biswick aliwakuta wamepiga magoti uani, wote wawili. Alikuwa na wazee wengine, wale wanaochimba na kulinda makaburi ya kijiji, ambao sisi tunawaita wajukuu hata wakiwa na mvi. Tadala akaanza. Akasema hakujua, na kwamba kutojua hakukumzuia kuwaumiza, anaomba radhi kwao na kwa waliolala. Alikuwa amevaa ile ile sketi ya bluu.

"Mimi nilijua," Limbikani akasema, na safari hii alimtazama mjomba wake usoni. "Hana kosa. Nilimwona anapotea, nikanyamaza kwa sababu nilipenda anavyopaangalia mahali pa mama. Kama ni kumkataa mtu, nikataeni mimi."

Mjomba aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile picha. Tadala alidhani anarudishiwa, akafumba macho.

"Nilitaka kuichoma," mjomba akasema. "Nikaiweka karibu na moto, nikashindwa. Nimezika watu pale tangu ujana wangu. Nimemzika dada yangu. Sijawahi kusimama mbali nikapaangalia." Akapitisha kidole juu ya kioo, kwenye mti ulioinama. "Kumbe amelala pazuri."

Mkewe akaanza kulia kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemzuia.

Mmoja wa wajukuu akakohoa, akakumbusha kwamba kosa ni kosa, haliwezi kupita bila faini. Mjomba akakubali kwamba haliwezi. Akakaa vizuri kwenye kigoda chake.

"Binti ametupiga picha bila ruhusa. Faini yake mtetea mmoja. Na wewe, uliyejua ukanyamaza, faini yako jogoo. Mtaleta pamoja, siku moja. Mwanamke aje na wazee wake, na wewe utakuja na mimi."

Wazee wakaitikia kwa makofi. Tadala, mtoto wa mjini, aliuliza kwa adabu kama mtetea anaweza kununuliwa pale pale sokoni ili shauri liishe leo. Mke wa mjomba, machozi bado mashavuni, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Tadala akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Limbikani, ambaye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepigwa na butwaa.

"Limbikani," akamnong'oneza, "hapa nimetozwa faini au nimeposwa?"

"Vyote viwili," akasema, akamshika mkono mbele ya wazee wote.