Mpira Ambao Kazimili Hakuumaliza

Kazimili alikutwa ameketi. Mgongo wake uliegemea mti wa mpira, kichwa kimelalia bega, na mikononi alishika mpira mdogo usiofika hata ukubwa wa yai. Fuvu lilikuwa limepasuka juu ya sikio. Karibu na miguu yake ilikuwapo fimbo ya gofu, chuma chake kimeganda damu.

Watu wa Nyakisasa hawakuona haja ya mpelelezi. Muuaji walikuwa naye tayari, wamemfunga kamba kwenye nguzo ya ghala la mahindi. Aliitwa Niyonkuru, mkimbizi kutoka Burundi. Kila Jumamosi alimbebea mzungu wa mradi wa maji fimbo zake za gofu kwenye uwanda wa nyasi nyuma ya kambi.

"Afande, wewe andika tu. Sisi tutamaliza," alisema Ndassa, kamanda wa sungusungu.

"Mtamaliza nini?"

Ndassa alitazama pembeni. Vijana wake walikuwa na marungu, na hawakuja nayo kwa matembezi.

"Akiguswa kabla sijamaliza kazi yangu, nitaanza kukufunga wewe," alisema Inspekta Deodata.

Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa kuharakishwa. Mwaka ule wa 1995 kuku hakupotea Ngara bila mkimbizi kutajwa, na Deodata alikuwa amechoka na kesi zinazomfikia zimeshapikwa. Hata hivyo, wakimbizi waliokwisha kuua kweli aliwaona pia. Alimwita shahidi.

Shahidi alikuwa Protasi, mdogo wake marehemu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Uliona nini?"

"Jana jua likizama nilipita njia ya juu. Niliwasikia wanagombana. Huyu mkimbizi alikuwa ameinua fimbo ile."

"Hukuingilia?"

"Nilidhani utani. Wale wawili walikuwa kitu kimoja."

"Na leo?"

"Nimekuja jua limeshapanda. Nikamgusa, wa baridi kabisa, damu imeshakauka. Nikapiga yowe. Watu walipokuja nikawakataza wasimsogelee mpaka polisi mfike."

"Umefanya vizuri," alisema Deodata, na alimaanisha.

Tabibu wa zahanati aliikagua maiti akachuchumaa kando, akifuta mikono.

"Kafa lini?"

"Kati ya jana jioni na leo asubuhi, afande. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Deodata akaenda kwenye nguzo. Niyonkuru alikuwa kijana mwembamba, mdomo umevimba kwa kipigo.

"Fimbo hii unaijua?"

"Naijua, mama afande. Mzungu alimpa mzee Kazimili ajaribie mipira."

"Mipira gani?"

"Ya gofu. Mipira ya mzungu ilikuwa inapotelea nyasini. Mmoja mzee akaupasua kwa kisu. Ndani akakuta uzi wa mpira, umesokotwa, umesokotwa, mpaka kwenye kiini. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kumbe na wao wanasokota kama sisi! Basi akaanza kumtengenezea mzungu kwa utomvu wa miti yake."

"Jana mligombana?"

"Tuligombana. Niliupiga mpira ukapotelea kwenye mihogo. Akanitukana. Halafu tukala viazi, nikarudi kambini."

"Nani alikuona ukirudi?"

"Giza lilikuwa limeingia. Ila leo nilikuwa kwenye foleni ya mgao tangu kabla ya jua. Muulize huyo konstebo, alinifokea."

Konstebo Paschal alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa zamu pale kambini, na alimfokea kweli kwa kuruka foleni. Kijana alitoka na mahindi yake adhuhuri, akakamatwa njiani.

"Ya leo hayakusaidii. Wanasema aliuawa jana," alisema Deodata.

Niyonkuru aliinamisha kichwa. "Basi nimekufa," alisema.

Deodata alirudi kwa marehemu akavaa glavu. Alifungua vidole vilivyokakamaa, kimoja kimoja, auchukue ule mpira. Uzi uliokuwa katikati ya vidole ulivutika, ukamrukia kiganjani. Ulikuwa mweupe pepepe.

Aliutazama kwa muda mrefu. Alizaliwa Runazi, kwenye boma lililozungukwa na miti ya mpira. Mama yake aliipenda kwa kisamvu cha majani yake. Watoto waliipenda kwa utomvu wake. Unaamka alfajiri, unapaka gome maji ya limau, unalitoboa kwa kisu. Utomvu unachuruzika, jua linaugandisha, ndipo unaubandua kama uzi na kuusokota. Siku hiyo uzi ni mweupe. Ukilala, asubuhi una rangi ya chai.

Aliinuka akaifuata safu ya miti. Ya mwanzo ilikuwa imebanduliwa, magome matupu. Kuanzia mti alioegemea marehemu kwenda mbele, nyuzi zilikuwa bado zinaning'inia, zikimngoja mwenyewe.

"Paschal, piga picha mti mmoja mmoja," alisema. "Ndassa, njoo na watu wako. Na Protasi aje."

Walisogea.

"Protasi, wewe unagema mpira?"

"Kazi ya kujipaka maziwa ya miti? Hapana. Hiyo ilikuwa ya kaka."

"Miti hii imegemwa lini?"

"Sijui. Jana."

Deodata aliinua juani uzi alioutoa mkononi mwa marehemu. "Ndassa, huu ni wa jana?"

Ndassa aliupapasa, akazitazama na nyuzi zilizoning'inia mitini. Rungu lake lilishuka taratibu. "Huu ni wa leo," alisema. "Maiti hagemi, afande."

"Labda mkimbizi aligema," alisema Protasi upesi.

"Mkimbizi alikuwa anafokewa na polisi kambini. Kazimili leo aliamka mzima, akagema, akangoja jua, akabandua mpaka mti huu. Hapo ndipo alipopigwa. Wewe unasema jua limeshapanda ulimkuta wa baridi, damu imekauka. Watu wakaja, ukawakataza wasimsogelee. Uliogopa wamguse wakute bado ana joto?"

Protasi alirudi nyuma hatua moja. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Nitawaonyesha wote uzi wa leo unaishia wapi," alisema Deodata, akaupasua ule mpira kwa kisu.

Uzi mweupe ulikuwa ganda jembamba tu la juu. Chini yake hapakuwa na uzi wa jana wala wa juzi. Palikuwa na kimpira cheusi, kikavu, cha miaka mingi. Deodata akakipasua nacho. Kikadondoka kifungo cha koti, cha shaba.

Protasi alikiona kile kifungo. Alikaa chini palepale penye damu.

"Unakijua?"

"Cha koti la baba."

"Kilifikaje humu?"

"Nilikikata mimi. Tulikuwa wadogo, tulitaka kiini cha mpira. Baba alipouliza ni nani, kaka akasema ni yeye. Akachapwa mpaka akashindwa kulala chali. Sikujua kama alikitunza."

"Kwa nini umemuua?"

"Miti ni ya baba yetu sote!" alipaza sauti. "Malori ya kuni za kambi yanapita kila siku. Nikamwomba nikate michache tu, niuze, niezeke nyumba. Akakataa. Halafu mgeni, mtu aliyekuja juzi na mkeka, kaka akampa kisu cha baba cha kugemea. Jana nikasikia anataka kumpa na pa kujenga. Mimi nyumba yangu inavuja!"

"Ukaja leo."

"Nikaja tuongee. Akasema, keti kwanza, huu niumalize. Hata hakuinua macho. Nikasema, kila siku mipira ya mzungu! Akacheka. Fimbo ilikuwa pale, imeegemezwa..."

Ndassa mwenyewe alikuwa ameshamfungua Niyonkuru kamba. Kijana alisogea akisugua mikono.

"Mipira ya mzungu iko kikapuni, mama afande," alisema. "Ilimalizika juzi. Huu mzee alisema ni wa Odeta."

Odeta alikuwa binti wa pekee wa Protasi.

Protasi alilia kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Paschal alipomfunga pingu, alinyoosha mikono yote miwili kuelekea ule mpira uliopasuliwa.

"Mpelekeeni basi," alisema. "Ni wake."

"Ni kielelezo cha mahakama," alisema Deodata, akautia kwenye mfuko pamoja na kifungo. Alimhurumia, na alijikasirikia kwa kumhurumia. Aligeuka ili vijana wa sungusungu wasimwone uso.

Walipokuwa wakiipakia maiti kwenye gari, Niyonkuru aliuendea mti uliofuata katika safu. Akabandua uzi wa kwanza, akauzungushia kidoleni, kisha akaendelea na wa pili.

"Jua likizama hautabanduka vizuri," alimwambia Ndassa, aliyekuwa akimtazama. "Na mtoto aliahidiwa."