Alama ya Penseli Nyuma ya Kigae

Jirani zangu, kaeni niwaeleze habari ya bafu moja, na msije mkasema ni jambo dogo. Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka ishirini na miwili nimeingia kwenye mabafu ya watu, na nimejifunza kwamba mwenye nyumba anaweza kukudanganya sebuleni siku nzima, lakini bafuni hana pa kujifichia.

Nyumba ninayoisema ilikuwa na amani yake. Kila asubuhi, watu wa mle wakishaondoka kwenda kazini na shuleni, mama mzee alichukua mkongojo wake, akaingia bafuni na kufunga mlango. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki, nao haukupanda zaidi ya bega. Aliketi kwenye stuli ya plastiki, akafungua koki iliyokuwa usawa wa kifua chake, akachomoa shawa ndogo ya mkono yenye mpira mrefu, kisha akajiogesha mwenyewe kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, huku akiimba kwa sauti ya puani. Alikuwa amefanya kazi ya udobi hospitalini miaka thelathini, akifua mashuka ya watu asiowajua, na usafi kwake haukuwa jambo la mchezo. Mengine yote alifanyiwa. Alipikiwa, alivalishwa, alikatiwa kucha. Kuoga tu ndiko alikobaki nako.

Mwanawe wa kiume, mwenye nyumba, akapandishwa cheo ofisini. Cheo chenyewe hakikuwa kikubwa, ila kichwa chake kilikuwa kimengoja siku nyingi kipate sababu ya kuvimba. Alialikwa kwa mkurugenzi wake, akaomba kunawa mikono, na huko bafuni akaiona shawa pana kama sinia, imening'inia darini. Akarudi kwake akiugua ugonjwa wa sinia. Wiki hiyo hiyo akaniita nivunje bafu zima nilijenge upya. Mtaani baadaye walimpa jina la Marumaru, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina alilopewa na mama yake halimfai tena.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mmewahi kutazama shawa zinavyouzwa? Zimepangwa ukutani, kavu, zinang'aa, wala hakuna anayefunguliwa maji aone. Kitu cha kutumiwa na ngozi kinachaguliwa kwa macho. Marumaru alisimama mbele ya sinia la kuning'inia darini, akajiona uso wake humo, na nikajua kazi imekwisha.

"Tangi lako liko juu ya paa la jikoni," nilimwambia. "Halina kimo. Maji yatafika kwenye kitu kipana kama hiki yamechoka, yatadondoka tu. Au basi chukua hili, lakini na ile ya mkono tuiache pembeni kwa ajili ya Mama."

"Ile ya mkono ni ya wodini, fundi. Mgeni akiiona atadhani tunalaza wagonjwa."

"Na Mama ataogaje?"

"Ataogeshwa. Watu wa kuogesha hawakosekani."

Muuzaji akacheka naye, akamsifu kwa macho yake ya kuona mbali, akamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio. Mtu aliyevikwa kilemba hicho hata umpigie ngoma hasikii.

Sasa, mimi nina desturi yangu. Kabla ya kubandika vigae, namwita kila anayetumia bafu lile, mmoja mmoja, anyooshe mkono ukutani pale unapofika bila taabu, nami naweka alama ya penseli. Koki inakaa pale unapofika mkono mfupi kuliko yote. Basi Mama alikuja na stuli yake, akaketi katikati ya vifusi kana kwamba yuko kanisani au msikitini, akaichukua penseli mkononi mwangu. Alitaka kuchora mwenyewe. Akachora mstari mfupi, mnyoofu, akaupuliza vumbi.

"Hapo," akasema. "Usipandishe hata kidole kimoja."

Jioni Marumaru akatoka kazini, akauona ule mstari, akauliza ni uchafu gani. Nikamweleza. Akasema ukuta ule unawekwa kigae kimoja kikubwa kisicho na tundu, na kukitoboa ni kukiharibu, kwa hiyo koki iende juu, karibu na mlango, kwa kimo cha mtu mzima anayesimama. Nilibisha mara mbili. Mara ya tatu nikachota saruji. Ndiyo, mikono hii hii. Wala sikuwa na njaa, maana kazi nyingine mbili zilikuwa zinaningoja. Niliogopa tu kuitwa fundi mbishi.

Kazi ilipokwisha, stuli ya plastiki ilitupwa jalalani pamoja na shawa ya mkono. Ile shawa niliiokota nikaitia kwenye mkoba wangu wa vifaa, kwa mazoea ya mafundi ya kutotupa kitu kizima. Kisha Marumaru akaalika watu waje kuona bafu. Nanyi mlikwenda, msinitazame hivyo. Watu wazima, wazazi wa watoto, mlivua viatu mkapanga foleni kwenye korido ili kutazama mahali mtu anapooga. Mkagusa vioo, mkapiga picha. Nimewahi kuona watu wakimshangilia mchezaji na watu wakimshangilia kiongozi, lakini kushangilia koki ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti wa yule mama, mshonaji anayeishi kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa soko. Mama alianza kuogeshwa na msaidizi wa nyumbani, kwa ndoo na kopo, mlango ukiwa wazi, kwa sababu wao wawili na ndoo hawakuenea kwenye kibanda cha vioo kilichozungushiwa ile shawa mpya. Watoto walipita koridoni. Mafundi wa rangi walipita. Siku nne alivumilia akiwa amefumba macho. Siku ya tano akasema hajachafuka. Wiki iliyofuata pia hakuwa amechafuka. Akaacha kuketi barazani na wenzake, akaacha kusalimiana na watu, akajifungia chumbani mwake. Yeye aliyetakasa mashuka ya hospitali nzima alianza kunuka, na alijua kwamba ananuka. Mnajua mwanawe alifanya nini? Alinunua manukato ya kupuliza, akayaweka juu ya kabati nje ya mlango wa Mama, kila apitaye apulize kidogo.

Ikafika siku ya mkurugenzi mwenyewe kuja kuliona bafu. Mimi niliitwa asubuhi ile kwa sababu sinia lilikuwa halimwagi, kama nilivyosema dukani. Nilikuwa bado juu ya ngazi mgeni alipoingia. Marumaru akanifanyia ishara nishuke, akajivika tabasamu, akafungua koki hadi mwisho. Juu pakadondoka tone. Likafuata la pili. Mkurugenzi akanyoosha kiganja, akangoja, akapata matone manne.

"Haya ni manyunyu," akasema kwa upole, akabadilisha mazungumzo. "Mama yako yuko wapi nimsalimu?"

"Amelala, mkubwa. Siku hizi analala sana."

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama akatokea na mkongojo, kitambaa kichwani, na nyuma yake binti yake mshonaji amebeba mkoba mmoja wa nguo. Alikuwa amemwita bintiye kwa simu tangu jana, na Marumaru hakuwa na habari, kwa kuwa chumba kile hakuwa akiingia.

"Sikulala, mwanangu," Mama akasema. "Nimekaa tu pale uliponiweka." Akamgeukia mgeni. "Utanisamehe sikupi mkono. Sijaoga."

Mkurugenzi akainamisha uso. Marumaru akaanza kueleza habari za dawa na madaktari, na hakuna aliyemsikiliza. Mama akamwomba mwanawe kitu kimoja tu, ile shawa yake ya zamani. Mtu mzima yule, mwenye cheo, akabaki anatazama kigae. Nikafungua mkoba wangu nikaitoa. Mama akaipokea, akaukunja mpira wake vizuri, akaitia mkobani juu ya nguo zake, wakatoka.

Jioni ile nilikwenda kwa mshonaji. Bafu lao ni la kushirikiana na wapangaji wengine watatu, sakafu ya saruji, mlango wa bati. Mama aliketi kwenye stuli ya cherehani, nikampa penseli bila kuambiwa. Alichora mstari wake, kisha akanitazama.

"Ule mwingine uliupaka saruji wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi huu utoboe sawasawa."

Nikatoboa. Maji yalipotoka alinitoa nje, akafunga mlango wa bati kwa komeo. Alikaa humo karibu saa nzima. Wapangaji walisubiri na ndoo zao bila kugonga, mpaka tuliposikia sauti ya puani inaanza kuimba.

Siku ya tatu Marumaru alinipigia simu. Alitaka pampu, sinia limwage kabla mkurugenzi hajakubali mwaliko wa pili. Hakuuliza kama mama yake ameoga.

Funzo

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumefungua, tumeingia, na tumeishia kusifu vigae. Unayetaka kujenga bafu, mkalishe humo kwanza aliye dhaifu kuliko wote nyumbani mwako, mpe penseli, na atakapochora ndipo pawe koki yako. Ukiona aibu mgeni akiona stuli ya mama yako, basi aibu hiyo ni yako wewe, wala fundi hawezi kukutolea. Nanyi mliovua viatu kwenda kushangaa, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mzee yuko wapi. Na aliyejua akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mbishi, huyo ni mimi, na jina nililoliogopa lingekuwa heshima kuliko nililobaki nalo.

Alama ile ipo mpaka leo nyuma ya kigae, mstari mfupi, mnyoofu. Naweza kuonyesha mahali pake nikiwa nimefumba macho. Marumaru husimama mbele yake kila asubuhi, uchi, akingoja tone linalofuata.