Anayeitaka Aichukue

Ngozi ilitoka kwenye friji ikiwa na vuguvugu, kama shuka ambalo mtu ameinuka juu yake sasa hivi. Muuguzi aliigusa, akaigusa tena, akajiambia labda umeme ulikatika. Hakuwa na nafasi ya kuwaza zaidi. Nje ya chumba cha vidonda benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni: wa kisukari, wa pikipiki, wa maji ya moto.

Tangu kliniki ianze kuuza ngozi ya kutengenezwa, ile inayobandikwa juu ya kidonda mpaka mwili uishike, watu walimiminika kama kumbikumbi. Muuzaji wake, jamaa wa viatu vya kung'aa waliyembatiza Bwana Maboksi, zamani alileta boksi moja kwapani. Sasa alishusha gari zima, na bado ngozi hazikutosha.

Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Muuguzi mzee aliyekianzisha, Mama Pamba, hakubandika ngozi kabla ya kumwonyesha mgonjwa na kumuuliza, "Unaipokea?" Mgonjwa akishajibu, "Naipokea, ni yangu," ndipo alisema Bismillahi na kubandika. "Ngozi ni nguo ya mwili," aliwafundisha. "Nguo isiyo na mwenyewe, mpita njia huivaa." Lakini Mama Pamba alistaafu, Bwana Maboksi akamnong'oneza daktari kwamba maswali yanachelewesha foleni, na desturi ikafa bila mtu wa kuililia.

Aliyelala mezani siku ile alikuwa wifi yake muuguzi, dada wa mumewe, dobi mwenye ulimi mkali kuliko pasi zake. Pasi ndiyo iliyomuunguza mkono. Kidonda kikaoza, na daktari alikwisha sema: ngozi hii ikikataa, mkono unakatwa. Sindano ya maumivu ilimlaza, akawa anakoroma.

"Wifi, unaipokea?" muuguzi aliuliza, kwa mazoea tu.

Akajibiwa na mkoromo. Wauguzi wadogo wakacheka. Naye, kwa uchovu na kupenda kuchekesha, akaiinua ile ngozi juu kama yuko mnadani. "Haya, mwenye mali amelala! Anayeitaka aichukue!"

"Naipokea," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakidhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Muuguzi akabandika. Hata Bismillahi ilimpita. Alipofungua pazia amwone mcheshi yule, kitanda kilikuwa kitupu, shuka limebonyea katikati, na hewa inanuka kiberiti kilichozimwa.

Akalinyoosha shuka. Hakumwambia mtu.

Dobi alihamia kwa kaka yake ili auguzwe, muuguzi akachukua likizo amhudumie, na kidonda kikafunga upesi ajabu.

"Wifi, una mkono wa baraka," alisema. "Nilikuwa nikimwambia kaka kwamba aliingia choo cha kike alipokuoa. Nayafuta maneno. Nusu."

"Nusu?"

"Nusu nyingine nitaifuta nikishaonja mchuzi wako."

Muuguzi alicheka huku akifungua bandeji, na kicheko kikamkauka. Kidonda kilikuwa kadiri ya kiganja. Ngozi mpya ilikwisha kupita kiwiko, laini, haina hata kinyweleo, imemeza kovu la chanjo na lile baka la kuzaliwa nalo. Akaufinya mkono kwa nguvu.

"Unasikia?"

"Nisikie nini? Nifinye kwanza."

Muuguzi alikuwa bado amemfinya.

Kuanzia hapo nyumba ikapata mkwaruzo. Ulisikika mchana kweupe, watu wakiwa kazini na redio imezimwa: kucha juu ya ukuta, zinashuka, zinapanda. Adhuhuri moja muuguzi aliufuata taratibu hadi chumbani kwa dobi, akamkuta amelala fofofo, na ule mkono umesimama wima peke yake kama shina lililoota kitandani, ukapapasa ukuta, ukapapasa hewa, kisha ukainama juu ya uso wa mwenyewe na kuanza kuushika shavu, kope, mdomo, kwa vidole viwili, pole pole, kama mnunuzi anayekagua kitambaa kabla hajasema kifungwe.

Dobi aliamka analia bila sauti.

"Wifi, funga mlango. Sema pole pole, asisikie."

"Asisikie nani?"

Dobi akaelekeza kidevu kwenye mkono wake. "Ananipima. Amefika begani. Akifika usoni, atakayeamka hapa atakuwa nani?"

"Twende kwa daktari..."

"Akaukate? Dobi wa mkono mmoja, wanangu watakula nini?" Akajifuta machozi kwa mkono wa pili. "Nimekosa nini mimi, wifi?"

Swali lile lilimchoma muuguzi mahali palipostahili. Alijitupia mtandio, akaenda moja kwa moja kwa Mama Pamba.

Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi hakuiba," alisema. "Ulimpa."

"Nilikuwa natania, mama."

"Kauli ni kauli. Uliyempa kwa kauli, mnyang'anye kwa kauli. Ila kwanza mwambie mwenye mkono ulilomfanyia. Hawa hujificha ndani ya lile tunaloficha."

"Atamwambia kaka yake. Nitaachika."

"Uachike. Mwenzio anavuliwa mwili."

Jua lilikuwa linashuka walipoingia chumbani kwa dobi. Ngozi ilikwisha fika shingoni, ukingo wake unang'aa kama njia ya konokono. Muuguzi akapiga magoti.

"Wifi, kosa ni langu. Ulilala nikafanya mzaha. Nilisema anayeitaka aichukue. Kuna aliyeitika, nami nikanyamaza mpaka leo. Nisamehe."

"Uliunadi mkono wangu kama mtumba?"

"Ndiyo."

"Tutagombana nikipona," dobi akanong'ona. "Fanya unalofanya."

Mama Pamba akaanza dua. Muuguzi akaushika mkono. "Niliyempa bila haki namnyang'anya. Ngozi hii ina mwenyewe. Wifi, unaipokea?"

Dobi akafungua kinywa, na kabla neno halijatoka ule mkono ukachomoka ukamziba mdomo, vidole vikazama mashavuni, na kutoka ndani ya kiganja ikaja sauti ile ile ya nyuma ya pazia, ya upole, ya mtu aliyeonewa, ikisema nilipewa, nilipewa mbele ya watu wakacheka, na muuguzi akauvuta kwa mikono yake miwili ikawa kama anavuta mlango uliokomewa kwa ndani, na sufuria zikaanza kugongana jikoni ambako hakukuwa na mtu, na Mama Pamba akazidi kupandisha sauti, na macho ya dobi yakageuka meupe, mpaka muuguzi akamwinamia sikioni na kupiga kelele, "Mng'ate, wifi! Ulimi wote ule, meno huna?"

Dobi akang'ata.

Akapiga yowe la kuamsha mtaa. "Unauma! Mama yangu, unauma! Ni mkono wangu huu! Naipokea, ngozi ni yangu!"

"Bismillahi," muuguzi akasema, analia.

Ngozi ya ziada ikalegea shingoni, ikavuka bega, ikavuka kiwiko, ikaanguka sakafuni kama mkono wa shati. Ikajikunja, ikaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Mama Pamba akaifunika beseni, wakaiteketeza kwenye makaa ya pasi. Mkononi lilibaki pande la kiganja tu juu ya kidonda, na baka la kuzaliwa lilikuwa mahali pake.

Dobi alitimiza ahadi, akagomba kutwa nzima. Kisha akaomba mchuzi.

Muuguzi akarudi kazini, amenuia kuirudisha desturi ya Mama Pamba hata kama daktari angekasirika. Alikuta ukuta umebomolewa. Chumba cha vidonda kilikuwa ukumbi sasa, mapazia pande zote mbili hadi mwisho, na Bwana Maboksi anashusha mzigo huku akipiga mluzi. Ukumbi mzima ulinuka kiberiti kilichozimwa.

Muuguzi mdogo alisimama juu ya mgonjwa aliyelala, karatasi ya ngozi mikononi.

"Haya," akasema akicheka, "anayeitaka aichukue!"

"Umesema nini wewe?"

"Si utani wako, dada? Umetuachia. Siku hizi hatubandiki bila kuusema."

Na nyuma ya mapazia, kimoja baada ya kingine, vitanda vitupu vikaanza kujibu.