Nukta ya Nane

Jumatatu asubuhi karani wa masjala ya wagonjwa aliwasha kompyuta, akaandika neno lake la siri, akaona uchafu kwenye skrini.

Miaka kumi na moja mashine ile ilikuwa haionyeshi kitu ukiandika neno la siri. Unabonyeza gizani, inafunguka, basi. Karani alipenda hivyo, maana neno lenyewe lilikuwa jina la kitindamimba wake, aliyekufa siku ya pili baada ya kuzaliwa, kabla watu hawajaambiwa anaitwa nani. Hata mumewe hakulijua. Kila asubuhi aliliandika, herufi saba, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumwita mwanawe.

Sasa kila herufi ilizaa nukta. Loo! Nukta nyeupe, zenye majimaji, zimebanana kama mayai ya nzi juu ya utumbo.

"Ni toleo jipya tu, dada," fundi wa kompyuta alimcheka. "Mashine zimejisasisha Jumamosi. Wenzako wamefurahi, sasa wanaona wamebonyeza mara ngapi."

"Mimi nimebonyeza mara saba. Hebu hesabu hizo."

Fundi akahesabu. Nane.

"Una vidole vizito," akasema, lakini kicheko kilikuwa kimemwisha.

Jumanne ile ya nane ilicheza. Karani akaifuta kwa kitambaa, nayo ikavutika ute wa manjano, ikanuka maziwa ya mama yaliyochacha. Alinawa kwa sabuni mara tatu. Mchana alishindwa kula, maana kila tonge alilolipeleka mdomoni lilipitia kwenye harufu ile.

Jumatano, alipobonyeza herufi ya mwisho, alihisi kifua kimelowa, akainamisha macho, akaona blauzi yake imeshika madoa mawili mazito ya manjano, yeye mwanamke wa miaka hamsini na tatu ambaye titi lake halijatoa tone tangu siku ile ya msiba, na kwenye skrini zile nukta zilikuwa zinafumbua na kufumba, zinafumbua na kufumba, zinanyonya.

Akakimbilia chumba cha fundi na kufunga mlango.

"Sema polepole," fundi alinong'ona. "Marehemu mama yangu alikuwa mganga, hivi vitu navijua. Kuna jini anayekula majina. Jina lililofichwa lote hawezi kuligusa. Ukimwonyesha hata idadi ya herufi tu, ameshapata pa kuingilia. Badilisha neno la siri leo hii."

"Nikilibadilisha, mwanangu nitamwita wapi?"

"Dada yangu, anayeitika si yeye."

Alilia, kisha akabadilisha. Ilibidi aliandike lile jina kwa mara ya mwisho, na nukta zikapasuka moja moja, usaha ukachuruzika hadi kwenye vitufe, naye akaendelea kubonyeza. Neno jipya akaweka jina la sabuni ya kufulia na tarakimu mbili. Herufi sita, tarakimu mbili, nukta nane. Kavu kabisa.

"Kwisha habari yake," fundi akasema, akimpa tambara la kufutia vitufe.

Alifika nyumbani jua bado kali. Mumewe alimpokea mlangoni, mkono puani.

"Mke wangu, kuna kitoto kimekuja kukuulizia. Nimekikalisha sebuleni. Kichafu hicho, kinanuka maziwa yaliyochacha!"

"Kitoto cha nani?"

"Nilikiuliza jina." Mumewe akalitaja, herufi zote saba, bila kukosea hata moja. "Kinasema ulikuwa unakiita kila asubuhi kazini, leo umekitupa."

Sebuleni kitu chenye majimaji kiliteleza kutoka kwenye kochi, pwata, kikaanza kutambaa kuja mlangoni. Karani alitaka kukimbia. Blauzi yake ilikuwa imeshalowa.