Mshale wa Juu

Kila siku Syntiche akitoka masomoni, kazi zake zilikuwa zile zile. Alitundika sare kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda bombani na ndoo zake mbili, kisha akageuza samaki wadogo wa ndagala walioanikwa uani ili wakauke pande zote. Baada ya hapo aliketi mezani mbele ya kompyuta kuukuu aliyoiacha mjomba wake, na Nkambo Henriette akavuta kiti karibu. Nkambo ni bibi, na huyu ndiye aliyekuwa akimlea Syntiche hapo mtaani Kataki, mjini Kalemie, maana wazazi wake walikuwa huko Bendera, ambako baba alifanya kazi kwenye kituo cha umeme.

"Imefika ngapi leo?" Nkambo aliuliza.

Syntiche alilichukia swali hilo kwa sababu jibu halikubadilika. Tisini na sita kwa mia. Jana tisini na sita, juzi tisini na sita, wiki iliyopita tisini na sita, utadhani ile namba imepigiliwa misumari.

Walichokuwa wakingojea ni video ya kwaya. Zamani, kabla mama yake Syntiche hajazaliwa, Nkambo na mumewe Josias waliimba katika kwaya ya parokia. Walikuwa watu kumi na sita. Kila Jumamosi saa tisa walifanya repetisyo, yaani mazoezi, katika darasa moja karibu na reli, na treni ikipita ikipiga honi, mwalimu wao wa kwaya, Papa Rubens, aliinua mkono, wote wakanyamaza na kushikilia pumzi. Treni ikiisha kupita, mkono ulishuka nao wakaendelea palepale walipoachia. Nkambo alilisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara aliinua mkono wake mwenyewe, akatulia kidogo, macho yakiwa mbali. Ah, siku zile! Wakimaliza kuimba walishuka hadi ziwani kula samaki wa mikebuka wa kuchoma, wakacheka mpaka jua linazama.

Kisha vita vikaja, kazi nazo zikawatawanya. Mama Gisèle alienda Manono, Papa Wilfried alienda Lubumbashi, Mama Annie alivuka ziwa akaolewa Kigoma, na Papa Rubens akarudi kwao Moba. Josias alibaki Kalemie na mke wake mpaka alipofariki. Jumapili iliyokuwa inakuja ingetimia miaka kumi, na misa ya kumkumbuka ilikuwa imeshapangwa. Picha zake zilijaa ukutani, lakini sauti yake haikuwepo popote.

"Uso wake ninao," Nkambo alizoea kusema. "Sauti njo," yaani ndiyo, "inaanza kunipotea."

Bahati nzuri Papa Rubens alikuwa na kaseti moja ya video ya siku ya yubile ya parokia. Aliipeleka ikahamishwa kwenye kompyuta, na utepe wenyewe, kwa uzee, ukakatika siku hiyohiyo. Video ilikuwa kubwa mno kutumwa kwa simu. Aliitia kwenye flash akaituma kwa boti, nayo ikafika Kalemie imelowa maji, haisomeki tena. Ndipo wanakwaya wakaamua kutumia programu ya kugawana mafaili. Programu ya namna hiyo huligawa faili katika vipande vidogo vidogo, na kila mwenye kipande humpa mwenzake asiye nacho, kompyuta kwa kompyuta. Mambo yalikwenda vizuri kwa siku nne. Siku ya tano diski ya kompyuta ya Papa Rubens ikafa, na video nzima haikubaki kwa mtu yeyote.

Kwa akina Syntiche ilikuwa imefika hiyo tisini na sita. Walipojaribu kuifungua, ilicheza. Kwaya ikaonekana imevaa vitenge vya buluu, Nkambo akiwa msichana mwembamba mstari wa mbele. Kisha Josias alipiga hatua mbele kuimba peke yake, akafungua mdomo, na picha ikaganda. Mara zote iliganda hapohapo, mdomo wazi, kimya.

Basi Syntiche akakusudia kutafuta ugonjwa. Alimwomba Papa Évariste, fundi aliyekuwa na kibanda cha fotokopi jirani, aje kumsaidia. Papa Évariste alianza na nafasi kwenye diski, akakuta imejaa filamu za mjomba, wakazifuta. Namba haikusogea. Akatazama saa ya kompyuta, akacheka, kwa sababu betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa na mashine iliamini bado ni mwaka 2011. Wakarekebisha tarehe. Haikusogea. Akatazama programu ya kuzuia virusi, akaiambia iache kuizibia njia ile ya kugawana. Akaamuru vipande vyote vikaguliwe upya, kazi iliyochukua muda wa kupika bukari, ugali wa kwao, na kuila. Tisini na sita.

Wakiwa bado wamekodoa macho, simu ya Nkambo ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Gisèle kutoka Manono, kwenye kundi la wanakwaya la simu. Alisema kwamba kwake yeye Josias anaimba vizuri kabisa, tena amemliza, ila mwanzo wote wa misa ni giza tupu, na je, kuna mtu mwenye mwanzo?

Papa Évariste aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Sasa hii ni ajabu," alisema. "Nyinyi muko na mwanzo, ye iko na Josias. Vipande vyote viko duniani. Kwa nini havitembei? Kuna muntu amefunga mshale wa juu."

Programu ile ilikuwa na mishale miwili. Wa chini ulionyesha unachopokea, wa juu unachotoa. Syntiche aliusikia moyo wake ukipiga pa! Wiki mbili kabla, alipoona mega za intaneti za Nkambo zinakwisha haraka, alichunguza na kugundua kwamba mshale wa juu nao unakula mega. Aliuweka kwenye sifuri. Kisha, kwa kujiona, akachukua simu ya Nkambo na kuwafundisha wanakwaya wote waliokuwa wakipokea video hatua kwa hatua jinsi ya kuufunga. Wazee wale walimshukuru sana. Papa Wilfried akamwita Injinia, na jina likashika. Hata shuleni alilipeleka mwenyewe, hakungoja mtu.

Papa Évariste akamuuliza kama anajua lolote kuhusu mshale huo. Syntiche alijibu kwamba hajui.

Fundi alipoondoka, Nkambo aliomba achezeshewe video tena. Josias akapiga hatua mbele, akafungua mdomo, akaganda. Safari hii Nkambo hakungoja. Alianza kuimba polepole mahali pa mumewe, akijaribu kuikumbuka ile sauti, akafika mstari wa pili na kukwama. Alirudia. Akakwama tena, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Syntiche hakuweza kuvumilia zaidi. Alimwambia yote: mega, sifuri, maelezo aliyotuma, na uongo aliomwambia Papa Évariste muda si mrefu. Alilia huku akisema, kwa sababu alikuwa anaona aibu, na kwa sababu jina lake la Injinia lilikuwa linakufa pale mezani.

Nkambo aliisogeza kompyuta pembeni. Kisha akamsukumia simu.

"Wewe njo uliwaambia wafunge," alisema. "Wewe njo utawaambia wafungue."

Kusema mbele ya bibi yako ni jambo moja, na kusema mbele ya kwaya nzima ni jingine. Syntiche alirekodi mara tatu akafuta mara tatu. Mara ya nne alisema wazi kwamba maelezo yake yalikuwa mabaya, kwamba aliyatoa bila kujua na kisha alipojua akaficha, na kwamba kila mmoja wao alikuwa amekaa na vipande ambavyo mwenzake anavililia. Akaomba msamaha. Akawaeleza namna ya kuufungua mshale wa juu, na kwamba kompyuta zote lazima ziwe zinawaka kwa wakati mmoja.

Papa Wilfried alijibu wa kwanza, akicheka, akasema hata mainjinia wakubwa hukosea. Mama Annie akauliza wakutane saa ngapi. Ndipo Papa Rubens, aliyekuwa kimya tangu diski yake ife, akatuma maneno machache tu: Jumamosi, saa tisa, kama zamani.

Jumamosi hiyo Nkambo alivaa kitenge cha buluu. Syntiche aliufungua mshale wake kwanza, kabla ya wote. Saa tisa juu ya alama, Papa Wilfried aliwasha kompyuta Lubumbashi, na Mama Annie akawasha Kigoma, ambako saa yao ilikuwa tayari saa kumi. Namba ikasogea. Tisini na saba. Tisini na nane. Papa Évariste, ambaye Syntiche alikuwa ameshamwendea kumwomba radhi, alisimama mlangoni akihesabu kwa sauti ya chini. Ilipofika tisini na tisa ikasimama.

"Nani hayupo?" fundi aliuliza.

"Gisèle," Nkambo alijibu bila hata kutazama simu. "Hakuna repetisyo hata moja aliyofika kwa wakati."

Robo saa ikapita, kisha nusu. Syntiche alianza kuuma kucha. Halafu simu ikalia, na Mama Gisèle akasema kwa kuhema kwamba pikipiki iliharibika njiani, sasa amefika kwenye mtandao, jamani wasimfungie mlango. Dakika chache baadaye namba ikawa mia.

Josias akapiga hatua mbele. Akafungua mdomo, na sauti ikatoka, nene na tulivu, ikajaa chumba kizima. Nkambo aliweka mkono kifuani. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Ameingia mapema," alisema. "Sikia. Kila mara aliingia mapema. Nilimwambia maisha yote."

Walisikiliza mpaka mwisho, wakarudia. Mara ya pili, zamu ya wanawake ilipofika, Nkambo aliimba pamoja na yule msichana mwembamba wa kwenye video, na hakukwama popote.

Walipomaliza alimvuta Syntiche karibu.

"Tulikuwa kumi na sita," alisema. "Kila mmoja angekuja kusikiliza tu, akaficha sauti yake isichoke, nani angeimba? Mega zitanunuliwa zingine, mutoto wangu. Kilichotufungia ni kila muntu kungojea apewe. Na wewe, kosa lilitokana na kutojua, hilo si dhambi. Kulificha njo kulitaka kutunyima huyu muzee. Umesema ukweli mbele ya watu, na ukweli wako umetuletea sauti yake. Siku nyingine useme mapema zaidi, uingie mapema kama babu yako."

Syntiche aliinama kuizima kompyuta, kisha akaona mshale wa juu bado unacheza. Kuna mtu alikuwa anapokea kutoka kwao. Simu ikalia, na Papa Rubens akaandika kwamba amepata kompyuta ya kuazima Moba, na kwamba kwaya yake imeanza kumrudia kipande kwa kipande.

Syntiche akaondoa kidole kwenye kitufe. Aliiacha iwake.