Jicho la Fausta

Ndugu zangu wazazi na walimu, nyumba ya Mwalimu Kasmiri pale Hale ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi walikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, kisha yeye na bintiye Fausta wakaongozana kwenda sekondari alikofundisha kemia. Njia nzima walitaniana. Lakini wakifika getini, baba alibaki nje. Ndani aliingia mwalimu tu.

Kasmiri aliogopa kusemwa kwamba anampendelea mwanawe, kwa hiyo alimkaza kuliko wenzake. Tena alikuwa na desturi yake: anayekosea katika jaribio, darasa zima linamzomea. "Aibu inanoa akili," alipenda kusema. Na kwa kuwa wanafunzi wake walifaulu, wazazi walimsifu. Sisi tukiona alama nzuri, nani huuliza zimepatikanaje?

Siku hiyo walikuwa wakitengeneza sabuni kwa kostiki, kemikali kali inayounguza ngozi. Katikati ya kipindi alimwona Fausta amenyoosha mkono mmoja, mwingine kafunikia jicho.

"Mwalimu, naomba nitoke."

"Utoke uende wapi? Kazi ikiwa ngumu kidogo tu, machozi! Kama ni kulia, vitunguu viko jikoni kwa mama yako."

Darasa likaangua kicheko, kisha likamzomea. Fausta akakaa.

Kengele ilipolia, Hafsa aliyeketi naye meza moja alimfuata mwalimu. "Mwalimu, Fausta karukiwa na kostiki jichoni."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipokuomba ruhusa."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kuzomewa, mwalimu."

Ndoo ya maji ilikuwa pale pale mlangoni. Kasmiri alimwosha mwanawe jicho, akampakia kwenye bodaboda wakaenda hospitalini Korogwe.

"Mlimwosha mara tu ilipoingia?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Kwani hapakuwa na mtu mzima?"

Kasmiri aliinamisha kichwa. Laiti ardhi ingepasuka immeze. "Nilikuwepo mimi. Ni mwalimu wake. Ni baba yake."

Jicho lile halikuona tena. Josefina, mkewe, hakumgombeza. Alimtengea chakula, akaondoka bila neno, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Asubuhi moja Kasmiri alisimama mstarini mbele ya shule nzima, akaomba radhi huku analia, akapiga marufuku kuzomeana. Wanafunzi waliangalia chini, maana nao walijua walivyocheka.

Jioni yake Fausta alimjia barazani.

"Baba, nimekusamehe. Ila naomba niache kemia. Nikiingia mle ndani naogopa."

"Unaogopa kostiki, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nakuogopa wewe."



Funzo

Mwalimu wa sayansi, kabla hujamfundisha mtoto kupima kemikali, mfundishe kusema "nimekosea" na "naumia", na uwafundishe wenzake kumsikiliza. Hilo nalo ni somo, tena liwemo ndani ya kipindi, lisingoje siku ya nasaha. Mzazi, usiulize alama tu. Muulize mwanao anajisikiaje darasani. Tunapenda kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli. Lakini mwana aliyefundishwa kuficha kilio chake, siku moja tutalia sote.