Chumvi ya Siku ya Kumi na Moja

Mboga ilipoiva, Tadala alimwita mdogo wake Falesi aje kutia chumvi. Ndiyo desturi kijijini kwao, kando ya barabara ya Dowa: msichana akiwa mwezini haweki chumvi kwenye chungu cha wote, maana watakaokula watakohoa mpaka vifua viwaume. Bibi Nagama, aliyewalea, alimfundisha hivyo tangu alipovunja ungo. Tadala alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kubisha.

Falesi alikuwa na miaka mitano na mdomo usio na kifuniko.

"Dada, leo tena? Kila siku mimi tu! Kwani zako haziishi?"

Mama Enelesi, jirani aliyekuja kuazima kinu, alicheka hadi akashika kiuno. "Heee! Wiki ya pili hii! Msichana mdogo hivi, damu haikatiki? Huyo kuna mambo anayajua."

Tadala aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alijua anasingiziwa wavulana, na hakuwa na mvulana yeyote. Alichokuwa nacho ni damu tu, damu yenye mabonge, iliyolowanisha vitambaa vitatu kabla ya kengele ya mapumziko. Lakini hayo angemwambia nani?

Kesho yake, siku ya kumi na moja, hakumwita Falesi. Alichota chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akaikoroga kwenye majani ya maboga yaliyoungwa karanga, akapakua sima.

"Umeshamaliza siku zako?" Bibi aliuliza.

"Nimemaliza, Bibi."

Asubuhi Bibi akaamka anakohoa. Alikohoa akifagia, akakohoa akichochea moto, na kila kikohozi kilimchoma Tadala moyoni. Namuua bibi yangu, alijisemea. Akanyakua ndoo, akaenda bombani ili asiendelee kusikia.

Alipoushika mpini wa bomba, dunia ikamzunguka, akaanguka. Sketi yake ilikuwa imelowa nyuma, na foleni nzima ya wanawake ikaona. Mmoja alivua kitenge chake cha juu akamfunika. Tadala alitamani ardhi immeze.

Bibi alifika mbio, huku akikohoa.

"Nisamehe, Bibi," Tadala alilia. "Nilitia chumvi. Bado natoka damu. Nilikudanganya, na sasa utakufa!"

"Nife kwa chumvi? Mimi nakohoa kila msimu wa baridi, tangu mama yako hajazaliwa." Bibi aliitazama midomo ya mjukuu wake, akaona imepauka. "Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

Bibi alimwinua. Alisimamisha baiskeli ya abiria, wakaenda kituo cha afya.

Nesi Mwale alimpima damu, kisha akauliza bila kunong'ona: vitambaa vingapi kwa siku? Fizi hutoka damu? Kuna mwingine katika ukoo anayetoka damu nyingi? Tadala alijibu akitazama vidole vyake vya miguu.

"Miaka ya mwanzo hedhi huyumba, mwanangu, mwili bado unajifunza," nesi alisema. "Lakini ikipita siku saba, au ukilowanisha kitambaa kila saa moja au mbili, au ukipata kizunguzungu, njoo upesi. Huu ni ugonjwa, si tabia mbaya. Na unatibika."

Alimpa dawa ya kupunguza utokaji wa damu, vidonge vya kuongeza damu, na karatasi ya kwenda kupimwa zaidi hospitali ya wilaya. Baada ya siku tatu damu ilikata.

Jioni hiyo Bibi alimketisha barazani.

"Nilikuwa na dada, Sitelia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia chumvi. Nilijua siku zimezidi, ila nilifundishwa kunyamaza, nikanyamaza. Yeye naye aliona aibu. Tulimzika akiwa na miaka kumi na mitano."

Tadala alimshika mkono.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Bibi alisema. "Kilimuumbua Sitelia, na mimi nimekaa na aibu hiyo miaka yote. Wewe usinifiche. Siku ya nane ikifika, uniambie kwa mdomo wako, hata kama nimelala niamshe. Na Mama Enelesi niachie mimi."